Maswali ya Wasomaji: Jenomu ya Juti na Mlenda wa Kwetu

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu magunia ya kusafirishia kahawa, na ndani yake mlikuwa na sentensi moja tu iliyosema kwamba Bangladesh ilikwisha kusoma jenomu ya juti, mmea unaotoa nyuzi za magunia hayo. Sentensi hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua saba na kuzipanga ili jibu la barua moja limsaidie msomaji kuelewa inayofuata.

Mheshimiwa Mhariri, mliandika kwamba jenomu ya juti "ilisomwa". Mmea husomwaje? Nimesikia pia kwamba habari hiyo ilitangazwa bungeni na Waziri Mkuu mwenyewe. Kwa nini kazi ya maabara ipewe heshima kubwa namna hiyo?
Msomaji, Kigoma

Ndugu msomaji, ndani ya kila seli ya mmea kuna nyuzi ndefu mno za DNA, kila uzi ukiitwa kromosomu, ambazo wengi wetu tumezoea kuziita vinasaba, na nyuzi hizo zimeandikwa kwa kemikali nne zinazofupishwa kwa herufi A, T, G na C. Mfuatano wote wa herufi hizo, tangu mwanzo wa kromosomu ya kwanza hadi mwisho wa ile ya mwisho, ndio jenomu. Juti ina seti ya kromosomu 7, na jenomu yake ina herufi kiasi cha milioni 400 hivi, ilhali ya binadamu ina zaidi ya bilioni 3 na ile ya pamba inayolimwa zaidi duniani ina karibu bilioni 2.5. Kwa hiyo, miongoni mwa mimea ya nyuzi, juti ni kitabu chembamba.

Hata hivyo kitabu hicho hakisomwi kwa kufunua kurasa. Mashine za kusomea haziwezi kuanza mwanzo wa kromosomu na kwenda bila kukatika hadi mwisho wake, kwa hiyo DNA hukatwa vipande vifupi, kila kipande husomwa peke yake, kisha kompyuta hutafuta mahali ambapo mwisho wa kipande kimoja unalingana na mwanzo wa kingine ili iviunge. Chukua shairi refu lenye beti mia kadhaa, chapisha nakala nyingi, zichane zote ovyo, kisha mpe vipande hivyo mtu ambaye hajawahi kulisikia na umtake alirudishe kama lilivyokuwa. Mishororo yenye maneno ya pekee itamwongoza, lakini kwenye kibwagizo atakwama, kwa sababu kipande chenye kibwagizo peke yake kinaweza kuwa kimetoka katika ubeti wowote. Jenomu za mimea zimejaa vibwagizo vya aina hiyo, yaani sehemu zinazojirudia mara maelfu, na hiyo ndiyo sababu wanasayansi wanaposema kwamba jenomu imesomwa, mara nyingi huwa na maana kwamba sehemu kubwa imesomwa na kuunganishwa, huku mapengo yakibaki.

Kuhusu bunge, ni kweli. Tarehe 16 Juni 2010, Waziri Mkuu wa wakati huo, Sheikh Hasina, alisimama bungeni Dhaka na kutangaza kwamba wanasayansi wa nchi yake wamesoma jenomu ya juti aina ya tossa, ambayo kitaalamu huitwa Corchorus olitorius. Aliyeiongoza kazi hiyo alikuwa Maqsudul Alam, mzaliwa wa Faridpur aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Hawaii, ambaye alikuwa ameshiriki kusoma jenomu ya papai iliyochapishwa mwaka 2008 na baadaye ile ya mti wa mpira nchini Malaysia. Walioshirikiana naye walitoka Chuo Kikuu cha Dhaka, Taasisi ya Utafiti wa Juti ya Bangladesh na kampuni ya programu za kompyuta iitwayo DataSoft, nao waliuita mradi wao Swapnajaatra, yaani safari ya ndoto.

Heshima ile ina historia yake. Kabla ya 1971, eneo ambalo leo ni Bangladesh lilikuwa Pakistan ya Mashariki, na juti iliyolimwa kwenye nyanda zake za maji iliingiza fedha nyingi za kigeni ambazo wananchi wake waliona zikitumika upande wa magharibi. Manung'uniko hayo yalikuwa miongoni mwa yaliyoisukuma nchi kuelekea uhuru. Nembo ya taifa hilo hadi leo ina majani matatu ya juti. Hata kabla ya enzi ya Pakistan, viwanda vya Dundee, kule Uskoti, vilikuwa vimetajirika kwa kusokota nyuzi za Bengal, eneo ambalo Bangladesh ni sehemu yake, zilizolainishwa kwa mafuta ya nyangumi. Kisha viroba vya plastiki vikaingia sokoni kwa bei ya chini, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na mwaka 2002 kikafungwa kile cha Adamjee karibu na Dhaka, ambacho kiliwahi kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Miaka minane baadaye watu wale wale wakaambiwa kwamba zao lao limesomwa na wana wao wenyewe, si na kampuni ya mbali. Nami naona walistahili kufurahi.

Jambo moja tu nalitilia mashaka, nalo ni haraka ya tangazo. Makala ya kitaalamu yenye matokeo kamili, ambayo wanasayansi wengine wangeweza kuyapima, ilichapishwa Januari 2017 katika jarida la Nature Plants, zaidi ya miaka sita baada ya siku ile ya bungeni na zaidi ya miaka miwili baada ya Maqsudul Alam kufariki Desemba 2014. Makala hiyo ilieleza juti zote mbili zinazolimwa, yaani tossa na ile nyeupe, Corchorus capsularis, na ikasema waziwazi kwamba mfuatano uliounganishwa ulifikia asilimia 91.6 ya ukubwa uliokadiriwa wa jenomu ya kwanza na asilimia 82.2 ya ile ya pili. Mwaka huo huo kundi la India likachapisha jenomu ya tossa yao iitwayo JRO-524. Wabangladesh walihesabu jeni, yaani vipande vya DNA vyenye maagizo kwa mmea, 37,031 katika tossa; Wahindi walihesabu zaidi ya 57,000 katika mmea wa spishi ile ile. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba mmoja alidanganya. Jeni huhesabiwa kwa kukisia mahali maagizo yanapoanza na yanapoishia, na kila kundi lina vigezo vyake. Mwaka 2021 watafiti wa China walitoa usomaji mpya wa spishi zote mbili, na mara hii vipande vilipangwa kwenye kromosomu zote saba.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kilimo. Naelewa faida ya jenomu kwa mtafiti, lakini mkulima wa juti mwenyewe hupata nini? Jenomu haioti shambani.
Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Umesema kweli kwamba haioti. Inampa mtafiti wa mbegu uwezo wa kuchagua kwa kuona, badala ya kupapasa, na thamani yake utaielewa ukijua mkulima wa juti anasumbuliwa na nini.

La kwanza ni ubora wa nyuzi. Nyuzi za pamba ni selulosi karibu tupu, na ndiyo maana ni nyeupe na laini. Nyuzi za juti hutoka katika gome la shina, na zina lignini kiasi cha asilimia 12 hadi 14. Lignini ndiyo inayoupa mti ugumu wake, na katika juti ndiyo inayozifanya nyuzi ziwe nzito kuzisokota, zikwaruze ngozi na kugeuka rangi juani. Kama ingepunguzwa kidogo bila mmea kulegea na kuanguka, juti ingeweza kutoka kwenye gunia na kuingia kwenye nguo. Watafiti wa Bangladesh walizitenga seli za nyuzi kutoka katika shina, wakapima ni jeni zipi zinazofanya kazi humo, na kwa njia hiyo wakapata orodha ya jeni zinazohusika na urefu wa uzi, unene wa ukuta wa seli na utengenezaji wa selulosi na lignini. Orodha kama hiyo haikuwezekana kabla ya kuwa na jenomu ya kulinganishia.

La pili ni ugonjwa, na hapa nakuomba usikilize kwa makini kwa sababu linaigusa hata Morogoro. Kuvu anayeozesha mashina ya juti, Macrophomina phaseolina, hushambulia zaidi ya spishi 500 za mimea, wakiwemo mtama, maharage, ufuta na alizeti, na huacha ndani ya shina vichembe vyeusi kama unga wa mkaa. Kundi lile lile la Maqsudul Alam lilisoma jenomu yake mwaka 2012, likakuta jeni zaidi ya 14,000, zikiwemo nyingi za vimeng'enya vinavyoyeyusha kuta za seli za mimea. Kumsoma adui pamoja na mmea wenyewe ni uamuzi ninaousifu sana, na katika mradi wote huo nadhani ndio ulioonyesha busara kubwa zaidi.

La tatu ni mbegu zenyewe. Mkulima wa juti ya nyuzi huvuna mmea kabla mbegu hazijakomaa, maana ukiziacha zikomae nyuzi huwa ngumu na duni. Kwa hiyo mbegu hulazimu kuzalishwa katika mashamba ya pekee, na kwa miaka mingi Bangladesh imekuwa ikiagiza sehemu kubwa ya mbegu za tossa kutoka India, hasa ile JRO-524 niliyoitaja. Taasisi yao ya juti imekwisha kutoa aina mpya iitwayo Robi-1, ambayo ni tunda la mradi wa jenomu. Kama itaiondoa mbegu ya jirani sokoni, hilo litaamuliwa na wakulima, si na maabara.

Je, juti iliyosomwa jenomu ni GMO, yaani mmea uliobadilishwa jeni? Magunia yake ni salama kwa chakula?
Mfanyabiashara wa nafaka, Mbeya

Hapana, kusoma si kubadili. Mfuatano wa DNA husomwa kutoka katika jani lililochumwa, na mmea uliobaki shambani hubaki kama ulivyokuwa. Uhandisi jeni ni kazi nyingine, yenye sheria nyingine. Matumizi makubwa ya jenomu katika mbegu ni kutafuta alama za kijeni, yaani tofauti ndogo za herufi zinazorithiwa pamoja na sifa inayotakiwa, ili mtafiti anayepandisha mimea miwili kwa poleni, kama wakulima na watafiti walivyofanya siku zote, aweze kupima miche michanga na kubaki na ile yenye alama hiyo. Kuhusu magunia, juti hutumika kubebea kahawa, kakao na nafaka. Uliza tu kama mafuta ya kulainishia yaliyotumika kiwandani ni yale yanayoruhusiwa kwa chakula, kwa sababu huko nyuma yalitumika mafuta ya madini ambayo hayafai.

Hujambo Mhariri. Mume wangu anasisitiza kwamba mrenda ninaoupika kila wiki ndiyo hiyo juti ya Bangladesh. Mimi nasema haiwezekani, kwa sababu mrenda wangu haupiti kiunoni na juti nimeiona pichani imempita mtu kichwa. Nani mkweli?
Mama wa Kakamega

Sijambo, mama. Mume wako ni mkweli, nawe umeona jambo ambalo wataalamu walilitafiti kwa miaka mingi.

Mrenda wa magharibi mwa Kenya, ambao Waluo huuita apoth na Watanzania wengi huuita mlenda, mara nyingi ni Corchorus olitorius, spishi ile ile ya tossa. Nasema mara nyingi kwa sababu jina la mlenda hubebwa na mboga kadhaa zenye utelezi, na hata ndani ya jamii ya Corchorus kuna spishi nyingine zinazochumwa porini. Jamii nzima ina makumi ya spishi, na Afrika ndiko zilikojaa zaidi. Iko katika ukoo mmoja na bamia, pamba na hata mbuyu, jambo ambalo halitamshangaza yeyote aliyewahi kupika bamia na mrenda katika sufuria moja.

Sasa kuhusu kimo. Juti huhesabu urefu wa mchana. Mchana ukiwa mrefu huendelea kurefusha shina. Ukipungua chini ya saa 12 na nusu hivi, mmea huacha kurefuka, hutoa maua, na nguvu zake huenda kwenye mbegu. Dhaka iko kaskazini ya ikweta kwa kiasi cha nyuzi 24, na mwezi wa Juni mchana wake hufikia saa 13 na nusu. Mkulima wa huko hupanda kati ya Machi na Mei, mmea hupata miezi minne ya kurefuka bila kukatizwa, na kufikia Agosti una mita tatu au zaidi. Kakamega iko karibu kabisa na ikweta, mchana wake ni saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mrenda wako huambiwa kila siku kwamba wakati wa kutoa maua umefika. Ongeza hapo kwamba wewe mwenyewe unauchuma ncha ili utoe matawi na majani mengi, na kwamba bibi zako kwa vizazi vingi walitunza mbegu za ile miche iliyotawanya matawi, wakati mabibi wa Bengal walitunza mbegu za ile iliyonyooka bila tawi. Mmea mmoja ulilelewa katika nyumba mbili, kila nyumba na haja yake.

Na uhusiano haukuishia kwenye majina. Wakulima wa Bengal walipojaribu kupanda tossa mapema, mwezi wa Machi wakati mchana bado mfupi, mimea yao ilitoa maua ingali midogo na mavuno yakaharibika. Dawa ilipatikana Afrika. Ile JRO-524, iliyotolewa India mwaka 1977 na kuenea hadi Bangladesh, ni zao la kupandisha mmea wa Kihindi na mwingine ulioitwa Sudan Green, ambao ulikuwa haukimbilii maua kwa urahisi. Katika nasaba za aina nyingine za tossa za India kuna mzazi aliyeandikwa Tanganyika-1. Katika miaka ya 1980, mradi uliohusisha Shirika la Kimataifa la Juti ulikusanya mbegu Kenya na Tanzania, na hata leo ukisoma orodha za hazina za mbegu za juti utakuta namba zinazoanza na KEN na TAN. Kwa hiyo, mama, unapomwaga magadi kidogo katika sufuria yako, unapika ndugu wa damu wa magunia ya Dhaka, na ndugu huyo si mpokeaji tu, amekwisha kutoa.

Mwalimu, hapa Oman tunanunua mulukhia madukani na wazee wetu wa Zanzibar wanasema ni mlenda. Kama mbegu zilitoka Afrika na jenomu ikasomwa kwingine, je, waliosoma wanaweza kudai kwamba mmea ni wao?
Msomaji, Muscat

Wazee wamesema sawa. Mulukhia ya Kimisri ni spishi hiyo hiyo. Swali lako lina sehemu mbili, na ni vyema tusizichanganye.

Kuujua mfuatano wa herufi hakumpi mtu umiliki wa mmea. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua Juni 2013 kwamba DNA kama inavyopatikana katika maumbile haiwezi kupewa hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, kwa kuwa tu mtu ameitenga. Hataza inaweza kuombwa kwa matumizi fulani yaliyobuniwa, na aina mpya ya mbegu inaweza kulindwa kwa haki za wazalishaji wa mbegu, lakini hakuna hati itakayomzuia mama wa Kakamega kupanda mrenda wake.

Sehemu ya pili, ambayo ni ngumu zaidi, ni malipo kwa nchi zilikotoka mbegu. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014, inataka anayechukua viumbe au mbegu za nchi nyingine kwa utafiti apate kibali na akubaliane jinsi faida itakavyogawanywa. Mbegu za Sudan Green na Tanganyika-1 zilisafiri miongo kadhaa kabla ya hapo, wakati mbegu zilipoonekana kuwa mali ya wanadamu wote. Isitoshe, jenomu ikiisha kuwekwa kwenye hifadhi ya data, mtafiti hahitaji tena kuigusa mbegu, anapakua herufi. Nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zilikubaliana Desemba 2022 kwamba faida zitokanazo na data za aina hiyo nazo zigawanywe, na katika mkutano uliofunguliwa Cali, Colombia, mwaka 2024 zikaanzisha mfuko wa kupokea michango ya kampuni zinazonufaika, ingawa michango hiyo bado ni ya hiari. Binafsi nadhani nchi zetu zitapata sauti kubwa zaidi katika mazungumzo hayo zikiwa na hazina zao za mbegu zilizotunzwa na watafiti wao wanaoweza kuzisoma, kuliko zikija na malalamiko matupu.

Mhariri, sisi ni watu wa mkonge. Juti imesomwa, pamba imesomwa, mkonge je? Mbona hatusikii?
Mfanyakazi wa zamani wa korona ya kusindika mkonge, Korogwe

Mzee wangu, mkonge ni kitabu kizito. Ule wa kawaida, Agave sisalana, ambao Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, hubeba seti tano za kromosomu, jumla yake karibu 150, na seti moja tu ya jamii ya Agave ina herufi kwa mabilioni. Ukirudi kwenye mfano wangu wa shairi, hapo ni kama kuchana nakala za mashairi matano yanayofanana isipokuwa neno moja moja, kisha kutaka kila moja lirudishwe peke yake bila mshororo kuhamia kwa mwenzake. Chotara namba 11648, aliyezalishwa katika kituo cha utafiti cha Mlingano kutokana na mkonge uliochukua jina la mahali paitwapo Amani na ndugu yake mwingine, ana kromosomu 60 tu, yaani seti mbili, na kwa sababu hiyo ni rahisi zaidi kumsoma.

Naamini mkonge unaihitaji kazi hii kuliko juti, kwa sababu ya muda. Mtafiti wa juti hupata kizazi kipya kila mwaka. Mkonge hutoa mlingoti wa maua mara moja tu katika maisha yake, baada ya miaka mingi, kisha hufa. Mtu anaweza kupandisha mara tatu au nne tu kabla ya kustaafu. Kwa zao la namna hiyo, uwezo wa kupima jani la mche kitaluni na kujua kama utastahimili madoa ya majani, ugonjwa ambao mlio Korogwe mmeupa jina lenu bila kutaka, ungeokoa muongo mzima kila mara. Tena mashamba yetu hupandwa kwa maotea na vichipukizi vya mlingoti, maana yake ni kwamba mimea maelfu kwa maelfu ni mmea mmoja uliojirudia, na ugonjwa unaoweza kumwua mmoja unaweza kuwaua wote. Singa, yaani nyuzi za mkonge, mlizozianika kwa mikono yenu zinastahili kitabu chao.

Mwalimu mwenzangu, ningependa wanafunzi wangu wa darasa la sita waone kwa macho kwamba ndani ya mlenda mna nyuzi za magunia. Inawezekana bila vifaa?
Mwalimu wa shule ya msingi, Dodoma

Inawezekana, na msimu wenu wa mvua unafaa. Pandeni mbegu za mlenda zikiwa zimebanana sana, kiasi cha upana wa vidole vinne baina ya mche na mche, kwa sababu mmea uliobanwa hutafuta mwanga na hautoi matawi. Msichume majani hata kidogo. Maua yakianza kugeuka vitunda vichanga, ikateni chini kabisa, ifungeni mafungu, mwiache siku tatu mpaka majani yapukutike, kisha iloweke yote katika pipa la maji na kuiwekea jiwe isielee. Bakteria wa maji watayeyusha gundi inayozishika nyuzi, kama inavyotokea kwa makumbi ya nazi yanayofukiwa ufukweni ili yatoe usumba. Baada ya siku kumi anzeni kujaribu shina moja kila siku: gome likitoka kwa kuvutwa na kuacha kijiti cheupe, wakati umefika. Mkichelewa, nyuzi zenyewe zitaoza. Zivueni, zisuuzeni kwa maji safi, zianikeni kwenye kamba, kisha kila mtoto asokote kipande chake na kukipima kwa kukivuta.

Msitumie bwawa wala kisima, kwa sababu maji hayo hunuka vibaya na huua samaki. Zile mbegu mtakazobakiza ziwekeni juu, mbali na kuku, mbuzi na watoto wadogo, maana majani ya mlenda ni mboga, lakini mbegu zake ni chungu na zina sumu inayodhuru moyo.